Filamu ya Mama Wawili

Mama yangu alikuwa na msimamo mmoja kuhusu picha: yeye hatoki. Hakuwa anakataa kupigwa. Alikuwa anaeleza tu hali ilivyo, kama mtu anayesema kahawa humkosesha usingizi. "Mimi huwa sitoki," aliwaambia wapigapicha wa kanisani na wa harusi, na mwishowe akaniambia mimi mwanawe, ambaye kazi yangu ni hiyo hiyo.

Ushahidi ulikuwa ukutani nyumbani Njoro, juu ya redio. Ni picha ya harusi yake. Baba amesimama ndani ya koti la kuazima, uso wake wa maji ya kunde umetoka vizuri, hata kovu la kidevuni linaonekana. Kando yake kuna gauni jeupe, glavu nyeupe na shela, na katikati ya shela kuna doa jeusi lisilo macho wala mdomo. Mama ni mweusi hasa, weusi mzuri wa kung'aa, na mpigapicha alipima mwanga wa gauni akasahau kuwa kuna mtu ndani. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza kama kweli huyo ni yeye. "Hiyo ni nguo yangu," alijibu akicheka. Baba alifariki, picha ikabaki, na sikuwahi kumwona mama akiitazama.

Binti yangu alipozaliwa tulimpa jina la mama, kama desturi yetu inavyotaka kwa msichana wa kwanza. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni mwenye jina amerudi kuanza upya, kwa hiyo namwita mtoto wangu mama bila kuona haya. Mama alikuja kwetu Nakuru kumwona. Kabla hata ya kuketi, alimvua kofia akakagua kingo za masikio, maana rangi ya mtoto mchanga ni ya kupita tu, ile ya kweli imejificha masikioni. Kingo zilikuwa nyeusi.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Basi niwapige picha, nyinyi wawili pamoja."

Alimfunika mtoto tena, polepole. "Mara hii tu. Nisipotoka, usiwahi kuniambia tena mambo ya picha. Tumeelewana?"

Nikakubali, kisha nikashikwa na hofu. Niliogopa binti yangu atakua akiambiwa ana jina la mtu ambaye uso wake hauko popote.

Kulikuwa na simu, ndiyo. Mke wangu aliwapiga picha siku hiyo hiyo, na simu ikampara mama weusi wote ikamwacha na rangi ya chai ya maziwa. Mama aliirudisha kwa adabu. "Na huyu mgeni ni nani?" akauliza.

Mimi bado hupiga kwa filamu, zile roli za kamera za zamani, na filamu zangu hukaa kwenye friji zisiharibike, nyuma ya mboga. Wiki hiyo nilisimama mbele ya friji iliyo wazi mpaka mke wangu akaniuliza kama natafuta chakula ama naomba. Ile ya slaidi niliiacha mapema. Ni filamu ya ziwa na flamingo, rangi zake ni tamu lakini haina msamaha, ukikosea kidogo mtu mweusi anageuka shimo. Ya rangi ya kasi, inayotosheka na mwanga mdogo, ninayotumia ndani ya makanisa, kivulini hufanya ngozi iwe ya tope. Niliyoiamini zaidi ni ile isiyo na rangi, ambayo naisafisha mwenyewe bafuni. Nikampigia mama simu kumweleza.

"Hiyo ni ya waliokufa," akasema. "Mimi nataka masikio yaonekane rangi."

Ikabaki roli moja, filamu ya rangi ya taratibu, ya kupigia nyuso. Sifa yake ni subira: ukiinyima mwanga inanuna, lakini ukiizidishia inavumilia. Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa, kwa sababu mtoto angefunikwa shali jeupe. Nikipima shali, nampoteza mama mzee. Nikipima mama mzee, huenda nikampoteza mama mchanga. Nilimwomba mama tutafute shali jingine, na yeye, aliyelifuma kwa mikono yake, akanitazama tu.

Tulipiga Njoro, kwenye veranda, mawingu yakiwa yametanda upande wa msitu wa Mau. Nilisogeza kipimamwanga hadi karibu na shavu lake.

"Unanipima homa?" akauliza.

Nilichukua kipimo cha shavu, nikaongeza mwanga juu yake, na shali nikaliacha lijitetee. Mwanzoni mama alikaa kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kisha mtoto akashika ukosi wa sweta yake akauvuta, na mama akainama akamwita kwa jina lao. Nikaendelea kupiga mpaka roli ikaisha.

Nilituma filamu Nairobi ikasafishwe, na mpaka iliporudi sikuwa mtu wa kuongea naye. Picha zilipofika nilifungulia bahasha ndani ya gari. Shali lilikuwa limeyeyuka, limekuwa weupe mtupu, mkono wa mtoto unachomoza kama kutoka kwenye povu. Lakini masikio yake yalikuwepo. Na mama alikuwepo, mweusi kama alivyo, na mikunjo ya macho, na ule mwanya wa meno ambao huwa anauficha. Nililia pale pale, sioni aibu kusema.

Nikampelekea moja. Aliipeleka picha dirishani akaitazama sana, akagusa sikio la mtoto, halafu shavu lake mwenyewe. Akaenda kuiteremsha ile picha ya harusi, akaifuta vumbi kwa kanga, akaichomeka hii mpya kwenye pembe ya fremu, akaisogezasogeza mpaka ikaziba lile doa. Sasa baba, kijana na koti lake la kuazima, amesimama kando ya ajuza anayecheka na mtoto mikononi.

Mama akairudisha juu ya redio, akarudi nyuma hatua chache.

"Haya," akamwambia baba. "Huyu ndiye uliyemwoa."