Macho Mawili Pembeni mwa Picha

Ciza ana miaka sita sasa akiuza vioo na chaja za simu huko Clairwood, mtaa wa maghala katika mji wa ugenini, ndani ya kibanda chenye nondo mbele, nyuma na juu. Mwenye duka anaogopa wezi. Kila asubuhi saa mbili Ciza huingia, hufunga kufuli kwa ndani, na wateja humpitishia simu kwenye kitundu kinachotosha mkono tu. Ukimuuliza atakuambia amezoea. Mwongo. Nani anazoea kunywa chai huku madereva wa malori wakimchungulia?

Kwa hiyo Tina, mama wa Morningside, mtaa wa matajiri, mwenye jarida la wanyama, alipoleta simu yake ibadilishwe kioo akaziona picha za ndege kwenye simu ya Ciza, akamwahidi kazi ya mpiga picha iwapo angemletea mamba jike amebeba vitoto mdomoni, Ciza alihisi nondo zote zimelegea.

Na mamba aliwajua. Amezaliwa kando ya mto Rusizi, Burundi, ambako bibi yake alimfunza mambo mawili kabla hajajua kuhesabu. Usichote maji mahali pamoja siku mbili, kwa sababu mamba anashika ratiba kuliko mwalimu. Na kabla hujainama, tupa kitu majini uone nani atajibu.

Tatizo ni kwamba kamera, ile aliyoinunua kwa akiba yake yote, inataka kinyume chake. Inataka mahali palepale, saa ileile, mwanga uleule. Februari ilipofika, mayai yakikaribia kuanguliwa, Ciza akawa anapanda teksi kila Jumapili alfajiri kwenda kaskazini, kwenye kinamasi alikogundua kiota ng'ambo ya mkondo, na kuketi juu ya gogo lilelile.

"Papa Anaïs, dimanche hii tena?" mkewe Félicité alimuuliza, akimwita kwa jina la binti yao. "Pasteur wa kanisa anauliza kama uko malade, kama unaumwa."

"Mwambie niko na kazi."

"Kazi ya kupiga mamba foto. Eish. Ulikimbia mamba kule, unawafuata huku."

Jumapili ya tano, vitoto vililia chini ya mchanga. Mama yao akatambaa hadi kiotani, akafukua polepole, akavichota mdomoni kama mtu aliyebeba mayai kwa kanga, akateremka majini. Ciza alipiga picha arobaini. Akacheka peke yake kama mwehu, kisha akaanza kuzitazama, akirudi nyuma hadi zile za Jumapili zilizopita.

Ndipo akaona. Katika picha ya Jumapili ya kwanza, mbali kwenye matete, palikuwa na macho mawili na pua. Ya pili, yamesogea. Ya tatu, yamefika katikati ya mkondo. Ya nne, yako hatua kumi kutoka kwenye gogo. Hayakumtazama yule mama. Yalimtazama yeye.

Katika picha za leo hayakuwepo.

Mazoea yana tabu. Mtoto wa Rusizi alikuwa amechota mahali pamoja mara tano. Nyuma yake palikuwa na tope la kumeza mtu hadi kiunoni. Njia pekee ilikuwa ukanda wa mchanga wa hatua nane, ukilambwa na maji. Aliogopa hadi meno yakauma. Alikaa juu ya gogo saa nzima, bila kukunja hata kidole, na maji yakatulia kuliko maji yanavyopaswa kutulia.

Mwishowe alitafuta kitu cha kutupa. Jiwe hakuna. Akatupa mkoba, ukaelea, na hakuna aliyejibu. Mnyama huyo hakuwa mjinga. Kikabaki kitu kimoja tu chenye uzito. Kidole chake kilikuwa kinapapasa kifuniko cha kamera aitoe kadi ya picha, maji yakajikunja mbele ya mguu wake.

Akaitupa kamera kushoto, nzima, kadi ikiwa ndani. Maji yakapasuka, taya zikagongana, naye akakimbilia kulia.

"Foto iko wapi?" Félicité aliuliza jioni, akimvua viatu vilivyojaa matope.

"Iko kwa mwenyewe," alisema, akalia.

Siku hizi Ciza hapiti njia moja mara mbili. Leo atapita barabara ya malori, kesho nyuma ya maghala, na Félicité humcheka. Ila njia zote humfikisha kwenye kibanda kilekile, saa mbili ileile, na kufuli hulifunga mwenyewe.