Umezima, au U Mzima?

Kila asubuhi, chai ikiwa bado mezani, Fundi Mtundu hufumba macho na kuupapasa waya wa drili yake. Huanzia kwenye plagi, akaupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, hadi pale unapoingilia kwenye mpini. Akikuta mahali palipochubuka au kuvimba, hufumbua macho, husogea dirishani na kupatazama kama daktari anayetazama ulimi. Asipokuta kitu husema "Haya," na kurudia chai yake ambayo kwa wakati huo imekwisha kupoa.

"Ungekuwa unanipapasa mimi hivyo, mgongo usingeniuma," husema mke wake.

"Eh?"

"Nasema chai imepoa."

Jina la Mtundu hakupewa kwa utukutu. Wateja walimpa kwa sababu ya matundu anayotoboa kwenye kuta zao, ingawa mkewe husema hata kwa ile maana nyingine hawakukosea sana. Mke huyo anaitwa Mama Pazia. Ndiye anayepima madirisha na kushona mapazia. Mumewe ndiye anayetoboa ukuta na kufunga vyuma vya kuyaning'iniza. Kazi hiyo waliianza pamoja kifungua mimba wao akiwa bado anabebwa mgongoni. Leo watoto wote wameoa na kuolewa, cherehani imebadilishwa, drili imebadilishwa, mume tu ndiye hajapata mbadala.

Fundi Mtundu ni mtu wa masharti. Hashiki drili akiwa amevaa saa au shati lenye mikono inayopepea. Hatoboi juu ya soketi wala juu ya swichi, hata mteja alie, maana nyaya za umeme hupanda na kushuka ndani ya ukuta palepale. Huweka alama kwa penseli, kisha hugonga kidogo kwa msumari apate kishimo, ili biti, ile ncha ya kutobolea, isiteleze kama kuku kwenye vigae. Huanza na biti nyembamba, ndipo anafuata na nene. Huanza polepole, mikono yote miwili, miguu imetulia, na kila baada ya muda huitoa biti ikapumue na kumwaga vumbi.

"Ukuta hausukumwi," huwaambia wateja wenye haraka. "Ukuta unabembelezwa."

"Angalia basi anavyojua kubembeleza," Mama Pazia huongeza. "Bahati mbaya mimi si tofali."

Lakini sharti analolipenda kuliko yote ni la sikio. Fundi Mtundu anaamini kwamba drili ina maneno. Kwenye plasta huimba kama mbu. Kwenye tofali hukoroma. Ikikuta chuma hupiga yowe, na hapo fundi mwenye akili huachia kidole mara moja, ashuke, afikiri upya, maana kinachopigiwa yowe huenda ni nondo, huenda ni bomba la maji. Ndiyo maana macho yake huyavalisha miwani mikubwa ya plastiki kila siku, lakini masikio hajapata kuyavalisha chochote. Ati akiyaziba, atasikiaje drili ikisema? Kwa miaka yote hiyo drili imekuwa ikimpigia kelele karibu na sikio, naye amekuwa akiisikiliza kwa heshima, kama mkwe.

Na sasa sikio lilikuwa limeanza kulipa kisasi.

Mama Pazia aliligundua jambo hilo jikoni. Siku moja alisema, "Maji yamechemka," na mumewe akauliza, "Nani amecheka?" Alimwomba kisu, akaulizwa, "Kitu gani?" Alimwambia shemeji yake amejenga nyumba, naye akasikia "amegonga punda," akasikitika kweli kweli na kutaka kujua kama huyo punda ameumia. Wakati wa jioni redio yao ilipiga kelele mpaka jirani wa ukuta wa pili akawa anazijua habari bila kununua redio. Ukimwambia apunguze sauti, Fundi Mtundu hujibu kwamba watangazaji wa siku hizi wanamung'unya maneno. Wanawe wanamung'unya. Wajukuu wanamung'unya. Dunia nzima ilikuwa imeshikwa na ugonjwa wa kumung'unya, akabaki yeye peke yake mwenye ulimi mwepesi.

Mama Pazia alimtania kwa yote hayo, maana utani ndio uliokuwa chumvi ya nyumba yao. Lakini lilikuwapo swali moja ambalo hakulitia katika utani, na hakuwahi kumuuliza. Aliogopa jibu lake. Akikiri kwamba hasikii, itabidi drili iwekwe chini. Na mwanamume huyu bila drili atakuwa nani? Atakaa uani akihesabu kunguru. Asipokiri, basi iko siku chuma kitapiga yowe ukutani naye ataendelea kutoboa huku anatabasamu. Kwa hiyo kila asubuhi mke alilimeza lile swali pamoja na chai, wakatoka, wakaenda kazini.

Siku yenyewe waliitwa na mwalimu wa chekechea aliyekuwa amehamia nyumba mpya. Fundi Mtundu alimpenda papo hapo. Mwalimu yule alikuwa amezoea watoto, akawa anazungumza na kila mtu kwa sauti ya kuwaita watoke uwanjani, neno moja moja, huku akitazama usoni.

"Ka-ri-bu-ni! Chumba-ni-hi-ki!"

"Huyu ndiye mtu anayejua kuongea," Fundi alimnong'oneza mkewe, kwa mnong'ono uliosikika hadi barabarani.

Mama Pazia hakuwa na nguvu ya kujibu. Alikuwa ameamka na mafua mazito, pua imeziba, masikio yamejaa kama yaliyomiminiwa uji. Tangu walipotoka nyumbani mumewe alikuwa akimgeukia kila baada ya hatua chache na kumuuliza, "U mzima?" Na yeye alikuwa akijibu, "Ni mzima." Kwenye kona, "U mzima?" Mlangoni kwa mwalimu, "U mzima?" Alishachoka kuwa mzima.

Chumba cha kulala hakikuwa na soketi inayofanya kazi. Ikabidi waya wa kuongezea utandazwe wote, usiachwe umejikunja, hadi soketi ya ukumbini. Mama Pazia akasimama huko kwenye soketi, kama desturi yao. Maana walikuwa na desturi. Fundi Mtundu hagusi biti kwa ajili ya kuibadilisha mpaka umeme uzimwe kwenye soketi, na kwa kuwa yeye huwa juu ya ngazi, mwenye kuzima ni mkewe. Hupaza sauti: "Umezima?" Mkewe hujibu: "Nimezima." Maneno hayo mawili tu. Ndiyo yaliyomfikisha uzeeni akiwa na vidole vyake vyote.

Biti nyembamba ilifanya kazi yake vizuri. Iliimba, ikakoroma, ikatoa unga mwekundu wa tofali. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, kati ya chumba na ukumbi, akitazama kwa furaha ya mtu anayeona pazia lake kabla halijatundikwa. Fundi akaachia kidole, akaibana drili kwapani, akatoa mfukoni ule ufunguo mdogo wa kulegezea kichwa cha drili, akapaza sauti:

"Umezima?"

Kule ukumbini, kwa masikio yaliyojaa uji, Mama Pazia alisikia kile alichokuwa amekisikia asubuhi nzima.

"Ni mzima!" akajibu kwa hasira kidogo. "Mafua tu!"

Fundi akaingiza ufunguo kwenye kichwa cha drili na kukaza kwapa ili apate nguvu ya kuuzungusha. Kwapa likabonyeza kitufe.

Drili ikaamka. Ufunguo ukachomoka, ukampiga kwenye miwani, ukaruka hadi kwenye mlango wa kabati, ukaanguka sakafuni ukizunguka kama pia. Fundi akaiachia drili. Nayo ikaanguka ikaning'inia kwa waya, imenyamaza, inapembea pembeni ya ngazi. Mwalimu akapiga ukelele ambao kila mtu aliusikia.

Mama Pazia alipofika chumbani alimkuta mumewe ameshikilia ngazi kwa mikono yote miwili. Kioo cha miwani upande wa kushoto kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Nyuma ya ufa, jicho lilikuwa linapepesa.

"Shuka," alimwambia.

Akashuka. Mkewe akamvua miwani, akamshika kidevu, akaligeuza jicho kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akampiga kofi dogo begani, la mtu aliyehakikisha kwamba anayempiga yuko hai.

"Ulisema umezima!" Fundi akafoka.

"Nilisema ni mzima! Si uliniuliza kama ni mzima?"

"Nikuulize kama u mzima nikiwa juu ya ngazi nina biti mkononi? Mimi ni nani, muuguzi?"

"Umeniuliza tangu alfajiri! Umeniuliza mpaka nikaanza kujitilia shaka!"

"Basi umekuwa kiziwi, mama watoto. Pole. Uzee hauna dawa."

"Mimi? Mimi nina mafua, kesho yatakwisha. Na nilikujibu, 'Ni mzima, mafua tu.' Haya niambie, tangu lini soketi ikashikwa na mafua?"

 Fundi Mtundu akamgeukia mwalimu, kama mchezaji anayemtazama mwamuzi.

"Mwalimu, yeye alisema mafua?"

Mwalimu alitamani sana ardhi ipasuke immeze yeye pamoja na pazia lake. "A-li-se-ma," akajibu. "Ma-fu-a-tu." Halafu akakumbuka kwamba ana chai ya kutengeneza, akaenda kuitengeneza kwa haraka ambayo hakuna chai iliyowahi kuihitaji.

Wakabaki wawili. Fundi aliinama kuuokota ufunguo, akaupangusa kwenye suruali ingawa haukuwa na vumbi.  Mama Pazia alirudi ukumbini, akachomoa plagi kwenye soketi, akaja akiukusanya waya mkononi, akaitia plagi kwenye mfuko wa shati la mumewe.

"Kuanzia leo, ukitaka kubadilisha biti, plagi inakaa hapa," alisema akiupigapiga mfuko. "Haulizwi mtu, hajibu mtu. Ukiiona iko kifuani kwako, badilisha. Usipoiona, weka mikono chini."

"Nitaonekana kama mtoto aliyefungiwa kamba."

"Utaonekana una macho mawili."

Akabadilisha biti, plagi ikiwa kifuani. Akainyonga barabara, akautoa ufunguo, akaurudisha mfukoni kabla ya kumkabidhi mkewe plagi, naye akaenda kuichomeka ukumbini na kurudi chumbani. Fundi akapanda tena. Miwani ilikuwa imepasuka upande mmoja, kwa hiyo alivaa ya akiba, iliyokuwa ndogo na kumfanya afanane na chura aliyeshangaa. Mkewe alimwambia hivyo. Alimwambia kwa sauti kubwa, akimtazama usoni, naye akasikia, akacheka.

Tundu la pili Mama Pazia hakulitazama. Alimtazama mtu. Aliona jinsi alivyogeuza kichwa, kidogo tu, sikio la kulia likisogea ukutani na la kushoto likibaki nyuma kama mgeni asiyealikwa. Aliona jinsi alivyokuwa akisita, akiitoa biti mapema kuliko zamani. Alikuwa anatoboa kama mtu anayetembea gizani katika nyumba aliyoijua. Hakika vumbi lilitoka jekundu, vizibo vya plastiki vikaingia sawasawa, skrubu zikauma, chuma cha pazia kikakaa mlalo usio na ubishi. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa kuwa kazi nzuri ingewapeleka kwenye nyumba nyingine kesho.

Alitundika pazia. Akalivuta, likafunga; akalivuta, likafungua. Mwalimu, kutoka jikoni, alikuwa akigonganisha vikombe kwa bidii ili asionekane anasikiliza.

Fundi Mtundu alikuwa ameketi kwenye kipandio cha chini cha ngazi, akipuliza vumbi kwenye matundu ya hewa ya drili. Mama Pazia aliipanga mizaha yote aliyokuwa nayo ulimini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja uliofaa. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti yakigusana, ili uso wake uonekane vizuri. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa mafua. Akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya jikoni, bila kupaza na bila kunong'ona:

"Baba watoto, drili ikibadilisha sauti, bado unaisikia?"

Mumewe alimtazama midomo mpaka ikatulia. Akaiweka drili sakafuni.

"Kwa sikio la kulia naisikia," alisema. "La kushoto, hapana."