Mgeni wa Kuikagua Pikipiki

Mume wangu alianguka na pikipiki mlangoni kwa baba yake, mchana kweupe, ndugu zake wote wakitazama, na aibu ile ilimuuma kuliko kifundo cha mguu kilichoteguka. Tulikuwa tumetoka Bukoba baada ya ibada ya Jumapili kwenda Ijumbi kuwasalimu wakwe zangu. Mimi nilishuka barabarani nimalizie safari kwa miguu, maana niliona si adabu mukamwana, mke wa mtoto wao, kuingia ukweni akiwa juu ya kitu kinachonguruma. Yeye akaona amepata nafasi ya kuingia kwa madaha. Kwenye kona ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, akakuta mikeka ya kahawa imeanikwa, akaikwepa, akagonga kisiki, akatua mtaroni.

Nilicheka. Nakiri sasa kwa kuwa hayupo mtu wa kunikaripia. Nilijifunika uso kwa kitenge, nikageukia migomba, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikakumbuka kazi yake na kicheko kikakatika.

Enzi zile za Waingereza, mume wangu alikuwa mpima ubora wa kahawa wa chama cha wakulima, akizunguka vijiji vya Muleba kuangalia kahawa iliyokauka na iliyooza. Kazi hiyo alipewa kwa sharti la kuwa na pikipiki yake inayotembea. Msimu wa kununua ulikuwa mlangoni. Kama angeukuta hana pikipiki, kazi ingekwenda kwa mwingine, nasi tungefunga chumba chetu cha Miembeni na kurudi Ijumbi. Yeye angepata migomba ya kupalilia. Mimi ningeliacha darasa langu la wasichana thelathini, ambao nilikuwa nimeanza kuwafundisha mwaka huo huo, na ambao niliwapenda kwa wivu kabisa. Nilikuwa tayari kupigana na mtu kwa ajili ya darasa lile.

Bahati nzuri tulikuwa tumekata bima, kwa ubishi wangu. Mume wangu alidai bima ni kujitabiria mabaya. Wakala wa bima alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, jirani yetu pale Miembeni, mpole, mwenye kofia safi daima. Alinisaidia kujaza fomu, nami nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: foku ya mbele inayoshika gurudumu imepinda, taa imepasuka, madigadi imekunjika, pedeli ya kukanyagia imevunjika upande wa kushoto. Mzee akaniambia kampuni itamtuma mkaguzi kutoka Mwanza, naye akiridhika watalipa vipuri vipya pamoja na fundi. Kisha akaniangalia kwa makini. Pikipiki ibaki pale pale ilipo, alisema, na mtu asiiguse hata kwa kidole.

Hapo ndipo nilipoboronga.

Pikipiki ilikuwa uani kwa baba mkwe, na mimi na baba mkwe hatukuwa tunaongea. Msidhani tulikuwa na ugomvi. Ndivyo desturi ilivyokuwa kwa mkwe na mukamwana. Nilimheshimu kwa kumkwepa, naye alinistahi kwa kujifanya hanioni, na neno lolote kati yetu lilipitia kwa mama mkwe. Sasa ningeanzaje kumwamuru mzee wa watu asiguse kitu kilicho ndani ya ua wake mwenyewe? Nilikaa na kalamu jioni nzima. Mwishowe nikamwandikia mama mkwe barua ya heshima, kwamba Jumamosi ya pili atafika mgeni mkubwa kutoka Mwanza kuikagua pikipiki, na kwamba mambo yetu mengi yanamtegemea mgeni huyo. Kuhusu kutoigusa sikuandika lolote. Nilidhani mtu yeyote mwenye akili angeelewa, na nikajisifu kwa adabu yangu.

Jumamosi hiyo nilikwenda Kemondo kumpokea mkaguzi alipotelemka melini, kwa sababu mume wangu alikuwa bado anachechemea na gongo, akatusubiri ndani ya gari la kukodi. Mkaguzi alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye masharubu na mkoba wa ngozi, anayeongea Kiswahili cha kukatakata lakini kinachoeleweka. Njiani kwenda Ijumbi aliniambia kwamba watu wengi huidanganya kampuni, na kwamba yeye hadanganyiki. Nikamjibu kwamba amepata watu wakweli. Nilikuwa na furaha siku hiyo, sijui niseme nini. Nilikuwa naziona foku mpya, naiona taa mpya, nawaona wasichana wangu.

Tulipofika niliona kwanza majani mabichi yametandikwa kuanzia njiani hadi mlangoni, kama kwa harusi. Halafu nikaona ukoo mzima umevaa nguo za kanisani. Halafu nikaiona pikipiki.

Iling'aa. Ilikuwa imesimama katikati ya ua, imepakwa mafuta ya nyonyo, imefungwa maua kwenye usukani. Foku ilikuwa imenyooka. Madigadi ilikuwa haina hata kovu. Taa ilikuwa na kioo kilichokatwa kutoka kwenye taa ya chemli. Mama mkwe alikuwa ameishonea siti kitambaa chekundu. Baba mkwe, mwenye koti jeusi, akapiga hatua mbele, akampa mkaguzi mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake cha shule ya misheni, "Karibu, Bwana. Pikipiki yetu haina kasoro."

Nilitaka kulia, nikataka kucheka, na vyote viwili ni mwiko mbele ya baba mkwe. Kwa hiyo nilipiga magoti kusalimia, nikabaki hapo chini muda mrefu kuliko kawaida.

Mkaguzi aliitoa fomu yangu mkobani. Akaisoma. Akaitazama pikipiki. Akasoma tena, akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "uharibifu uko wapi?"

Wanaume wote wakajibu kwa pamoja, maana kila mmoja alitaka sifa yake. Mhunzi wa kijiji alieleza jinsi alivyoitia foku motoni siku mbili. Seremala akaonyesha pedeli aliyoichonga kwa mti mgumu. Shemeji yangu akadai kioo cha chemli ni wazo lake, na ndugu yake akambishia. Kadiri walivyoeleza, ndivyo uso wa mkaguzi ulivyozidi kukunjamana. Wahunzi wa kijijini, akasema, hawawezi kuinyoosha foku ya pikipiki namna hii. Pikipiki hii haikuvunjika kamwe. Ilipakwa mafuta tu ili kumdanganya yeye, na atathibitisha hapo hapo kwa kuiendesha mwenyewe.

Mhunzi alitukanwa kwa sifa, na sikuwahi kuona mtu akifurahia tusi namna ile.

Mume wangu alijaribu kumzuia. Mkaguzi akasema ameendesha pikipiki vitani, akavua kofia, akapiga kiki. Ikawaka mara moja. Watoto wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele, naye akauzunguka ua mara mbili bila tatizo, na kila alipopita mbele yangu nililiona darasa langu linakwenda zake. Kisha akaongeza mwendo kuelekea kona ya kibanja. Mikeka ya kahawa ilikuwa imeanikwa pale pale. Akaikanyaga breki.

Waya wa breki ulikuwa umekatika siku ile ya kwanza, jambo ambalo hata mimi sikulijua, na mhunzi hakujua waya huo una kazi gani, lakini hakupenda kuuona unaning'inia. Alikuwa ameufunga vizuri sana kwa kamba ya mgomba.

Mkaguzi aliikwepa mikeka, akagonga kisiki, akatua mtaroni.

Tulimkimbilia sote, mume wangu na gongo lake, mimi na viatu mkononi. Alikuwa ameketi kwenye matope, mzima, suruali imechanika goti, masharubu yamejaa majani. Aliitazama pikipiki, akaomba fomu, akaanza kusoma kwa sauti huku akinyoosha kidole. Foku ya mbele, imepinda. Taa, imepasuka. Madigadi, imekunjika. Pedeli, upande wa kushoto, imevunjika. Alipofika hapo sauti ilimtetemeka, nikadhani ameumia, kumbe alikuwa anacheka. Akaomba kalamu, akatia sahihi kwamba tulipwe, akiwa bado mtaroni.

Sasa mimi nikashindwa. Nilicheka waziwazi, bila kitenge, bila migomba ya kugeukia, mbele ya ukoo mzima. Na nilipoinua macho, baba mkwe alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, na hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama kazi ya wiki mbili ikiwa imelala kwenye tope. Nilimwonea huruma ghafla. Mama mkwe alikuwa mbali, akimpa mgeni maji ya kunawa. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno.

Yeye ndiye aliyeanza. "Mwanangu," akaniambia, mara ya kwanza tangu niolewe, "nilidhani anakuja kuona mnavyoishi. Sikutaka aseme mke wa mwanangu anaishi na vitu vibovu."

"Kosa ni langu, Tata," nikajibu, nikimwita baba kwa lugha yetu. "Niliogopa kukwambia usiiguse."

Akasema, "Basi siku nyingine niambie mwenyewe."

Vipuri vilikuja na meli, fundi wa Bukoba akavifunga, na msimu ulipofunguliwa mume wangu alikuwa barabarani. Siti tuliiacha na kitambaa chake chekundu. Mimi nilibaki na wasichana wangu, na tangu siku ile nilimwandikia baba mkwe mwenyewe, habari za mvua, za shule, za mguu wa mwanawe. Mara moja nilimweleza kwamba mkaguzi wa elimu angetembelea darasa langu na kwamba sikuwa napata usingizi kwa hofu. Jibu lilifika kwa kondakta wa basi, limeandikwa kwa penseli, nami nikalisoma nimesimama mbele ya darasa huku wasichana wakishangaa kicheko changu:

"Mwanangu, usisafishe kitu chochote kabla hujauliza anataka kukuta nini."