Mti Uliobana Shafti

Shule niliacha darasa la tatu na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Ninachojua kuhusu chuma nilifundishwa na meli, nikiwa nimelala chini ya tumbo lake.

Nilikuwa kijana nilipotoka milimani Taita kwenda Mombasa, nikapata kibarua kwenye gudi, pale meli hupandishwa nchi kavu zikwanguliwe na kutengenezwa. Uani palikuwa na propela kuukuu ya shaba, mabawa mawili tu, imeegemezwa ukutani. Fundi mkuu alisema ilitoka kwenye manowari ya zamani, zile za mbao zilizokuwa na matanga juu na injini ya mvuke chini.

"Mbona mabawa mawili tu, fundi?"

"Wewe mtu wa milimani umewahi kuona maji yanayozidi karai?"

Wenzangu wakacheka. Kisha akanieleza. Makaa yalikuwa yakiisha haraka, kwa hiyo upepo ukiwa mzuri walizima moto wakaenda kwa matanga. Propela ikibaki majini inaivuta meli nyuma kama ng'ombe aliyekataa kamba. Basi waliisimamisha wima, bawa moja juu na moja chini, ijifiche nyuma ya nguzo ya tezi, mkiani mwa meli, au waliinyanyua kabisa kwa minyororo, ikaingia kwenye kisima kilichokatwa ndani ya meli.

Lakini kilichonikaa kichwani ni shafti, kile chuma kirefu kinachoizungusha propela. Mwanzo ilizungukia ndani ya bushi ya shaba. Shaba ikalika, shafti ikatikisika, mbao za nyuma zikaachana, maji yakaingia. Wakatoa shaba, wakaweka vipande vya mti mgumu, na maji ya bahari yakawa ndiyo mafuta yake. Mti ukaishinda shaba! Nilijiona mimi ndiye huo mti.

Miaka mingi baadaye nilikuwa na karakana yangu Voi, niliyoijenga kwa mikono hii. Dada yangu mkubwa, mjane, alilima maharagwe Njukini, akinyweshea kwa pampu yenye shafti ndefu na propela ndogo chini, ndani ya mfereji. Msimu mmoja bushi inayoshika shafti ililika, maharagwe yakiwa yameanza kutoa maua. Ua la maharagwe likikosa maji linaanguka, na shamba lile ndilo lilikuwa chakula chake cha mwaka.

"Ngoja spea ije kutoka Mombasa," akasema nilipofika kwake. "Ni siku nne tu."

"Dada, spea ya nini? Manowari zilivuka bahari kwa mti."

"Hizo manowari zilikuwa zikilima maharagwe?"

Nilichonga bushi ya mti wa mgunga mkavu, nikaigonga mahali pake, ikaikumbatia shafti bila nafasi hata ya unywele. Kwetu mpini wa jembe huingizwa ukiwa mkavu, halafu jembe linalazwa ndani ya maji ili mti uvimbe ubane. Mikono yangu ilifuata hayo bila kuniuliza. Jioni nikaishusha pampu mferejini.

Asubuhi dada alikuwa amesimama shambani na jembe lake, akisubiri maji. Nikawasha injini. Mti ulikuwa umevimba, umeikaba shafti. Injini ikalazimisha, na shafti ikakatika kwa mlio nilioujua kabla sijatazama. Fundi wa gudini alikuwa ameniambia yote: mti unalowekwa kwanza ndipo unachongwa, na maji yaachiwe njia ya kupita. Mimi nilikuwa nimesikia mti tu.

Shafti mpya ilichukua wiki tatu. Maua yalianguka yote.

Sikurudi Voi. Siku ya kung'oa mashina makavu nilishika mstari ulio kando ya wake.

"Dada, shamba hili nimeliua mimi."

"Najua," akasema bila kuinuka. "Ng'oa."

Tuling'oa mpaka mwisho.

Bushi ya pili niliiloweka kwanza, nikaichonga nikiacha nafasi. Kabla sijaishusha, dada alikuja akapitisha ukucha kati ya mti na chuma, akauzungusha taratibu pande zote.

"Hapa maji yanapita?"

"Yanapita, dada."

"Haya, washa," akasema, akaenda kusimama mbali.