Siku Mpishi Alipotuletea Bata

Juzi, mwisho wa zamu, niliwakokota wenzangu watatu wa ghalani, hapa mtaani Okolona, tukale Kichina. Wao walizoea kile cha kuku wa vipande aliyezamishwa kwenye sukari. Nikawaambia leo hapana, leo mtakula chakula chenyewe. Nikaagiza miguu ya kuku, samaki mzima wa tangawizi, na bata wa kukatwa na mifupa yake. Mmoja akauliza, "Wewe Mkongomani, haya yote nani alikufundisha?" Papo hapo kisu kikagonga ubao kule jikoni, ko, ko, ko, na mabega yangu yakapanda yenyewe. Yeye nilimmiminia chai tu. Nakujibu wewe, kwa kuwa wewe una nafasi ya kunisikiliza.

Ilikuwa Buffalo, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao karibu na Barabara ya Bailey, na mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, nilikuwa mtu wa ngumi. Kiingereza kilikuwa bado hakijanikaa mdomoni, basi niliongea kwa mikono. Niliporudi na kanga ya shingoni imechanika, mama alinipiga kwa kupigana, halafu nikalala nimeridhika.

Darasani alikuwepo msichana Mchina ambaye wazazi wake walikuwa na hoteli ndogo ya chakula pale pale Bailey. Siku moja mvulana mmoja alijivuta macho kwa vidole ili amcheke, kisha akanigeukia mimi na kulia kama nyani. Hatukupanga lolote. Mimi nilimpiga pua, msichana yule akamng'ata mkono hadi damu ikatoka. Tuliketishwa pamoja nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na tulipotoka pale tulikuwa marafiki.

Hoteli yao ilikuwa na kioo kinene kaunta nzima, na tundu la kupitishia chakula. Mara tatu vijana wa mtaani walikuwa wamekipiga mawe, na nyufa zake zilizibwa kwa utepe. Rafiki yangu aliniambia kwamba kinachopita kwenye tundu lile si chakula chao. Chakula chao kilipikwa Jumanne, siku waliyofunga. Jumanne ya kwanza aliniwekea miguu ya kuku, akanichungulia kuona kama nitapiga kelele. Maskini, hakujua bibi yangu kule Kivu alitupatia miguu ya kuku sisi watoto, na kidole kimoja tu kilituletea vita! Niliifyonza mpaka ikabaki mifupa mitupu. Akakimbia jikoni kumwita mama yake aje aone.

Tangu hapo kila Jumanne nilikuwa kwao. Nilikula uji wa mchele wa chumvi, achari ya majani machungu, masikio ya nguruwe yanayolia menoni. Kutoka jikoni kulisikika karai likinguruma juu ya moto na baba yake akikata mifupa. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, na Kiingereza chake kilikuwa namba za sahani tu. Ndiye aliyesema, binti yake akinitafsiria, niwalete wazazi wangu. Mtoto anayekula namna ile, alisema, wazazi wake ni watu.

Jumanne iliyofuata baba yangu alivaa suti ya kanisani. Hapa lazima nikueleze jambo moja. Kijijini kwetu, milimani Kivu ya Kusini, baba aliwaona kaka zake wawili wakikatwa mapanga mlangoni pao. Yeye mwenyewe hakutusimulia, bibi ndiye aliyetusimulia. Lakini tuliona jinsi alivyokuwa haketi popote bila kuutazama mlango. Na kwa Wachina, mgeni wa heshima huketishwa akitazama mlango wa kuingilia. Basi walipomwonyesha kiti kile, baba alifurahi, akalegeza na tai. Jikoni kukawa nyuma ya mgongo wake.

Kuna heshima nyingine waliyotuwekea. Bata wa mgeni huletwa mzima mezani ili mgeni amwone, ndipo akatwe mbele yake. Mpishi, yaani baba yake rafiki yangu, akatoka jikoni kimyakimya, akitabasamu, mkono mmoja sahani, mkono mwingine kisu kipana kama panga fupi, aproni ina damu ya samaki. Mama aliguna kwa mshangao. Baba akageuka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba hakushtuka tu. Alilinyakua bakuli la supu ya moto lililokuwa mezani akammwagia mpishi, ikamchoma kuanzia shavuni hadi mkononi. Kisu kikaanguka, kikamkata mguu. Kisha baba akamkalia kifuani na kumpiga kwa ngumi zote mbili, akipiga kelele, "Batoto, mukimbie! Banakuya! Mukimbie!" Nilisikia jino likivunjika. Mke wa mpishi alimpiga baba kichwani kwa upawa wa chuma, mara ngapi sijui. Mama alimvuta koti na kulia, "Papa, wacha! Utamuua!" Mimi nilimng'ata baba yangu begani. Hicho ndicho kilichomwamsha. Aliitazama mikono yake, akashuka kifuani pa mpishi.

Mpita njia aliona dirishani akapiga simu. Polisi wawili waliingia, na katika chumba kile wanaojua Kiingereza walikuwa watoto wawili tu. Nilijua baba akifungwa, sisi wageni wa juzi, huenda tusimwone tena. Wakaniuliza mimi kwanza. Baba akasema, "Uwaambie ni mimi njo nilimupiga. Usiseme bongo," yaani nisiseme uongo. Nikawaambia polisi, "Anasema sakafu ilikuwa na mafuta. Waliteleza wote wawili, na supu."

Wakamgeukia rafiki yangu. Baba yake, damu mdomoni, alisema maneno mengi, akimnyooshea baba yangu kidole. Rafiki yangu alinitazama. Kisha akasema, "Baba anasema hivyo hivyo. Waliteleza."

Polisi waliandika, wakaita gari la wagonjwa, wakaondoka. Baba alipouliza kwa nini hawamfungi, nilimwambia mpishi mwenyewe amesema waliteleza tu.

Kesho yake nilimkimbilia rafiki yangu shuleni kumkumbatia. Alinisukuma. "Baba alisema wamfunge baba yako," akaniambia. "Alisema wanaovunja kioo aliwanyamazia, lakini mtu uliyemwalika mezani kwako akikupiga, huyo afungwe. Mimi niligeuza maneno yake. Polisi walipoondoka aliniuliza kwa nini wanaondoka. Nikamwambia watarudi." Akarudi nyuma hatua moja. "Anawangoja. Wewe ulimtetea baba yako. Mimi wangu hana mtu."

Hakuniongelesha tena. Nilipita pale Jumanne mbili tatu, nikakuta pazia limeshushwa. Kabla mwaka haujaisha tulihamia Columbus, kwa ndugu wa mama, na siku hizi nasikia jengo lile linauza simu. Nimekula Kichina miji mitatu. Uji ule wa chumvi sijauona tena, na ningeuona nadhani nisingeweza kuumeza. Ninamkumbuka yule msichana hadi kifua kinauma. Sijawahi kupendwa na mtu kiasi kile, na nilichomlipa ni kumwachia baba aliyedanganywa.

Baba yuko Columbus bado, ni mzee wa kanisa sasa, na watu humwita kupatanisha ndoa zao. Kila mwaka husimama mbele kutoa ushuhuda. Husimulia jinsi alivyomwaga damu ya mtu asiye na hatia, na jinsi mtu yule, meno yamevunjika, alivyowaambia polisi kwamba wameteleza tu. "Bandugu," husema, machozi yakimtoka, "ule muntu alinisamehe mbele nimuombe," yaani kabla hajamwomba.

Kanisa zima husema amina. Mama husema amina. Nami nikiwepo, husema pamoja nao.