Siku Nilichimba Kisima Kisiwa ya Mamba

Iko siku moja nakumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka visigino vyangu vinaanza kukimbia kabla mimi mwenyewe niinuke. Kaa hapa karibu. Nimesikia unataka kwenda kile kisiwa katikati ya ziwa, upige picha na simu, urudi Lodwar ujigambe. Enda! Nani anakukataza? Mimi nilienda nikiwa na umri kama yako, meno yote bado iko kwa mdomo, na furaha nilikuwa nayo ingewasha taa Lodwar nzima mpaka Nawoitorong. Lakini sikia kwanza vile nilifanya, ndio wewe usifanye.

Nilikuwa na rafiki, Deng, mtu ya Sudan Kusini, anauza nguo kule Kakuma, kwa kambi ya wakimbizi. Mrefu! Akisimama Kakuma anaona watu wa Lodwar wanakula nini. Tulijuana nikipeleka mbuzi soko ya huko. Siku moja akaniuliza, ni kweli ziwa yenu iko na kisiwa, na ndani ya kisiwa iko maziwa ingine ndogo tena? Mimi, badala ya kusema nimesikia tu kama wewe, nikapiga kifua.

"Deng, ile kisiwa ni kama boma ya baba yangu! Tafuta karatasi ya ruhusa ya kutoka kambi, mimi nitakupeleka nimefunga macho."

Uongo, mwanangu. Baba yangu alikuwa mtu ya mbuzi na ngamia, upande ya Kainuk. Maji mingi nilikuwa nimeona maisha yangu yote ni ile ya jerikeni. Na sisi watu wa mifugo tulikuwa tunacheka wavuvi, tunasema mvuvi ni mtu mbuzi wake wamekataa kukaa na yeye. Sasa mimi niulize mvuvi njia? Debe tupu ndiyo inapiga kelele, na mimi nilikuwa debe la nchi nzima.

Deng akapata karatasi. Tukapanda lori mpaka Kalokol, kando ya ziwa, tukapata mwenye boti, Mzee Lokiru, mvuvi mkavu kama samaki ya kuanikwa.

"Ejok," nikamsalimia.

"Ejok-noi. Mmebeba maji ngapi?"

Deng akainua kajerikeni kadogo.

"Hiyo ni ya kuosha kidole," mzee akasema. "Maji ya ziwa iko na magadi. Ukikunywa mingi, tumbo yako itaongea lugha tatu. Bebeni ingine."

"Mzee, wacha kutisha mgeni," nikasema. "Mimi ni mtu ya hapa. Nimezoea."

Akaangalia viatu vyangu vya tairi, vimejaa mavi ya ngamia. "Mtu ya hapa," akarudia pole pole. Akatema tumbaku, akawasha injini.

Ooo, mwanangu, ile safari! Wimbi inatuinua mpaka naona Ethiopia, inatushusha mpaka naona samaki wakipika chai. Upepo ikachukua kofia yangu, nafikiri iliangukia Nariokotome. Halafu kisiwa ikatokea, nyeusi, mawe ya moto, ndege wengi mpaka anga inatafuta pahali pa kupita. Tulipiga kelele kama watoto wameona mvua. Deng alinikumbatia, akaniinua juu, miguu yangu inaning'inia.

Mzee Lokiru akatushusha. Akasema anaenda kutega nyavu, atatuchukua upande ingine, kwa mawe meusi, jua ikianza kushuka. Akainua mkono kutuonyesha pahali pa kupita.

"Mzee, enda tu," nikamkata. "Najua."

Tukapanda kilima. Huko juu tukaona ziwa ndogo chini, kijani kama jani ya mkunde. Tukacheka, tukaimba, tukamaliza ile maji yote. Saa sita jua ikakaa juu ya kichwa kama sufuria. Deng akaanza kutembea kama mlevi. Akakaa chini ghafla, midomo imepasuka.

"Moya mafi, ndugu yangu," akasema. "Maji hakuna. Kichwa inazunguka."

Hapo nikaogopa. Mtu amenifuata kwa sababu ya mdomo yangu, na sasa anaweza kufa kwa sababu ya mdomo yangu. Lakini kiburi haikubali kulala mapema.

"Ngoja," nikasema. "Mturkana hafi kiu penye mchanga."

Si unajua sisi, mto ikikauka tunachimba mchanga mpaka maji itoke. Mkono ya Mturkana ikiona mchanga laini inachimba hata kama mwenyewe amelala. Tukateremka pole pole mpaka kando ya ile ziwa ya kijani, nikapata mchanga mzuri, laini, kama mtu mwingine ameuchimba mbele yangu. Nikapiga magoti. Deng akafungua mdomo aseme kitu, akaufunga. Nilimwona. Sikumuuliza.

Nikachimba mpaka kiwiko. Maji hakuna. Nikagusa vitu vyeupe, viduara, vingi. Mayai! Na ndani ya mayai kitu inalia: nyek, nyek, nyek. Bado nashangaa ni kuku gani huyu anaishi chini ya ardhi, ziwa ikapasuka katikati.

Mwanangu, huyo mama mamba! Kichwa imefika kwangu, mkia bado iko Kalokol inanunua sukari! Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tu nikiwa juu ya mawe nimemshika Deng kwa shati, na kiatu yangu moja imebaki chini.

Tukahema. Mbele yetu kulikuwa na njia mbili. Moja fupi, inateremka kwa mchanga mwingine. Ingine ndefu, mawe matupu. Deng hakuweza kusimama tena.

"Boti iko wapi?" akauliza. "Wewe unajua. Niambie tu, nitajikokota."

Mdomo yangu ikafunguka kusema, hii fupi. Ilikuwa tayari kwa ulimi. Nikaangalia ile midomo yake imepasuka, nikashindwa.

"Deng, mimi sijui. Sijawahi kukanyaga hapa. Hata ziwa nimeiona leo."

Deng akaanza kucheka, kicheko kavu bila mate. "Mimi nimezaliwa kando ya Nile. Mamba nilimjua kabla ya kujua mjomba wangu. Ule mchanga niliuona, nikajua ni kiota."

"Sasa mbona ulinyamaza, wewe mtu!"

"Si ulisema ni boma ya baba yako? Mgeni anamwonyesha mwenyeji mlango wa nyumba yake?"

Hayo maneno yaliniuma kuliko mamba angeniuma. Nikamweka mgongoni, miguu yake mirefu inaburuta chini kama ya twiga amebebwa na mbuzi. Yeye akawa macho, mimi miguu. "Mchanga wacha. Pita kwa mawe. Usikaribie maji." Nikatii kama punda. Jua ikianza kushuka tukaona boti.

Mzee Lokiru akampa Deng maji kidogo kidogo, halafu akanisikiliza. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka.

"Kijana, umechimba kisima ndani ya wodi ya akina mama. Na ulikuwa na watu wawili wanajua, mimi na huyu. Wote wawili uliwafunga mdomo na neno moja: najua."

Basi, mwanangu, ndiyo hiyo. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini mimi naongeza yangu: ukijifanya unajua, hujidanganyi peke yako, unanyamazisha hata yule angekuokoa. Ukifika pahali pageni, sema sijui, tena kwa sauti, tena mapema, kabla jua ipande. Usidharau mtu kwa sababu anavua samaki wala kwa sababu ametoka kambi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inaishia kwa tumbo ya mamba.

Sasa enda, ufurahie mpaka ndege washangae. Akuj, Mungu wetu, akupe upepo mtulivu. Mbuzi zako zizae mapacha, hata beberu ajaribu. Akupe miguu ya kwenda, na mdomo ya kuuliza.