Sato Waliolala Wamekunjwa

Kaka yangu alikuwa akisomea samaki chuoni, na mwaka ule alitaka kitu kimoja tu: amalize kabla ya Julai, aende Kigoma kuoa. Mwalimu wake akampa sharti. Apime umbo la sato watatu kwa njia mbili: kwa picha ya ubavuni, halafu kwa mashine ya mwanga inayomzunguka samaki mpaka umbo lake zima, unene na yote, litokee kwenye kompyuta. Vipimo vikilingana, waliobaki angewapima kwa picha tu. Foleni ya mashine ilikuwa ndefu mno.

Sato wakalala kwetu, Hyattsville, huku Marekani, wakisubiri zamu yao. Friza ilikuwa imejaa sambusa za kanisani, kwa hiyo shangazi, aliporudi kutoka kazini kwake kutunza wazee, aliwakunja kama tunavyowakunja wa kukausha kwa moshi: mkia mdomoni.

Asubuhi kaka alikuta bangili tatu za barafu.

"Shangazi! Umeniua!"

"Mbona unapiga kelele? Waliokufa ni hao."

Tuliwayeyusha kwenye beseni, tukawanyoosha tulivyoweza. Ukiwatazama kwa juu, bado walikuwa na kona. Ukiwalaza ubavu, sato kamili.

"Haionekani," kaka alininong'oneza tulipofika maabara. Kweli, picha ilitoka safi: samaki mfupi kidogo, mwenye heshima zake. Kisha mashine ikamzunguka yule yule. Kwenye kompyuta ikatokea ndizi yenye mapezi.

Mwalimu akauliza samaki amepatwa na nini. Kaka akanigeukia mimi, ambaye hata dukani huonyesha kwa kidole ili nisiseme Kiingereza.

"Alilala vibaya," nikasema.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema picha imeficha jinsi samaki alivyopinda, kwa hiyo kila samaki atapita kwenye mashine, na hawa watatu warudi nyumbani wakaliwe.

Jioni, shangazi akiwakaanga, kaka alimpigia mchumba wake. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Harusi itasogea, mpenzi. Mwalimu anasema picha ya upande mmoja inadanganya."

Kisha sauti ya Kigoma ikauliza, taratibu:

"Na wewe picha zako zote umenitumia za mbele. Ubavuni unaficha nini?"

"Kitambi, mkwe wangu!" shangazi akapaza sauti kutoka jikoni. "Kitambi!"